Darubini na Bunduki: Jicho Lililotangulia Risasi

MTU akitajiwa habari za mdunguaji wa vitani, mara moja huwaza bunduki. Huona mtu aliyelala kifudifudi kichakani, kidole kimegusa kifyatulio, jicho moja limefumbwa. Ndivyo sinema zilivyotufundisha tangu utotoni. Lakini hiyo ni nusu ya picha. Kando ya mtu huyo, mara nyingi, alilala mwenzake ambaye kazi yake haikuwa kupiga. Alishika bomba la shaba lililovikwa ngozi, akatazama tu. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona adui, na pengine ndiye aliyesema nani aachwe apite na nani asiachwe.

Leo nataka kulizungumzia bomba hilo, yaani darubini ya kupelelezea, pamoja na bunduki ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale hupenda kuziweka pamoja nayo. Najua msomaji mwingine atauliza: Mambo ya silaha yana uhusiano gani na utamaduni? Namjibu kwamba vitu ambavyo watu huvihifadhi, huvipangusa vumbi na kuwaonyesha wageni, vinatuambia wanavyotaka kuyakumbuka mambo yaliyopita. Vile wanavyoviacha nje ya kabati navyo vinatuambia mengi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kimeteua neno zuri la "mdunguaji". Kudungua ni kuangusha kitu kilicho juu, kama vile embe mtini, kwa kukilenga hicho hicho na kuyaacha mengine. Waingereza nao walilipata neno lao kwa ndege. Katika karne ya 18, maofisa wao waliokuwa India walipenda kumwinda ndege mmoja mdogo wa majimaji aitwaye snipe, ambaye huruka kwa kupindapinda hata ikawa taabu kumpata. Aliyeweza kumpiga alihesabiwa kuwa mlenga shabaha wa kweli.

"Darubini" ni neno la Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Chombo cha kuonea mbali. Halimo ndani yake neno la kuua.

WASASI WA SCOTLAND

Habari za darubini hii hazikuanzia jeshini. Zilianzia katika nyanda za juu za Scotland, kwenye milima isiyo na miti mingi, ambako matajiri walikuwa na mashamba makubwa ya kuwindia kulungu. Huko kila shamba lilikuwa na wasasi wake wa kuajiriwa. Kazi yao ilikuwa kuondoka alfajiri, kukaa kwenye mteremko, na kuipekua milima kwa darubini hadi wampate dume anayefaa. Kisha walimwongoza tajiri kwa kutambaa, upepo ukiwapiga usoni, mpaka akaribie vya kutosha kufyatua risasi. Tajiri ndiye aliyeondoka na pembe. Macho yalikuwa ya msasi.

Mwaka 1900, wakati Mwingereza alipokuwa akipigana na Makaburu huko Afrika Kusini, bwana mmoja mwenye mashamba, Lord Lovat, aliunda kikosi cha watu wa namna hiyo. Kikosi kikaitwa Lovat Scouts. Makaburu walikuwa mabingwa wa kujificha na kupiga kwa mbali, na jeshi la Uingereza lilikuwa limepata hasara kubwa mikononi mwao. Wasasi wa Scotland waliitwa kwa sababu waliweza kukaa mchana kutwa wakitazama kilima kimoja bila kuchoka, na jioni wakaeleza kila kilichopita hapo.

Huo ni ujuzi ambao sisi huku hatuna haja ya kufundishwa thamani yake. Mchungaji wa Kimaasai au wa Kisamburu anayemtambua ng'ombe wake mmoja kati ya mia walio upande wa pili wa bonde anaujua vizuri. Tofauti ni kwamba Waskoti waliongeza lenzi.

SHULE YA KUTAZAMA

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walitangulia. Nchi yao ilikuwa na wawindaji wengi na mafundi hodari wa lenzi, na bunduki zenye darubini zilifika upesi kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Mwingereza aliyethubutu kuinua kichwa juu ya ukingo wa handaki alikuwa anajitafutia kifo.

Aliyebadilisha mambo ni Meja Hesketh Hesketh-Prichard, aliyezaliwa India mwaka 1876, mwindaji, mwandishi wa hadithi na mchezaji wa kriketi. Huyu alizunguka kwenye mahandaki na bunduki za kuwindia alizoazima kwa marafiki. Mwaka 1916 alianzisha shule ya udunguaji, utazamaji na upelelezi katika kijiji cha Linghem, kaskazini mwa Ufaransa. Tazama jinsi alivyoyapanga maneno hayo. Udunguaji ni theluthi moja tu. Theluthi mbili ni kuona.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Vita vile viliukanusha usemi huo. Hesketh-Prichard aliona kwamba askari wengi walikuwa na macho lakini hawakujua kutazama. Walipewa darubini wasizoweza kuzirekebisha, wakaziacha zipate kutu na unyevu. Hivyo akawafundisha kufanya kazi wawili wawili, mmoja na bunduki na mmoja na darubini, wakipokezana kwa sababu jicho huchoka. Akawafundisha kuandika daftarini kila wanachokiona na saa waliyokiona. Wasasi wa Lovat Scouts, ambao mwaka 1916 waliundiwa vikundi maalum vya watazamaji, walikuwa hazina yake kubwa.

Alikuwa pia na hila zake. Alitengenezewa vichwa vya bandia vya karatasi iliyogandishwa kwa gundi, vikapakwa rangi vikafanana na askari. Kichwa kiliinuliwa polepole juu ya ukingo. Adui akikipiga, tundu la risasi lilibaki mbele na nyuma. Kichwa kikarudishwa mahali pale pale, na mtu akachungulia kupitia matundu hayo kwa chombo cha vioo akiwa salama chini. Mstari wa risasi ulimwonyesha adui alipo.

Lakini kisa ninachokiona kuwa kikubwa kuliko vyote katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1920 ni kile cha paka. Mtazamaji mmoja alimwona paka akiota jua juu ya ukingo wa handaki la Wajerumani. Siku nyingine akamwona tena. Akaandika. Walioisoma taarifa hiyo wakafikiri: Paka wa nyumbani anafanya nini mstari wa mbele? Bila shaka ana mwenyewe, na mwenyewe huyo si askari wa kawaida anayehamishwa kila mara. Yumkini chini ya mahali pale kuna makao ya maofisa. Mahali hapo pakachunguzwa, kisha mizinga ikaelekezwa huko, na makao yale yakabomolewa.

Soma tena habari hiyo, msomaji. Hakuna risasi ya mdunguaji iliyofyatuliwa. Kilichowaua watu wale ni jicho, darubini na mstari mmoja wa maandishi kuhusu mnyama anayejiotea jua.

SCOUT REGIMENT

Mimi sina bunduki wala sina hamu nayo. Lakini darubini ninayo, niliyoinunua kwa muuza vikuukuu mjini Nairobi, ambaye alidhani ni ya mabaharia. Maandishi yaliyochongwa kwenye shaba yalisema mengine: TEL. SCT. REGT. MK. II S, na chini yake O.S. 126 G.A., pamoja na ile alama ya mshale mnene ambayo serikali ya Uingereza iliipiga juu ya mali yake. Ni darubini ya Scout Regiment, iliyotengenezwa kwa maelfu na makampuni ya London kama Ryland, Ottway na Broadhurst Clarkson wakati wa Vita Vikuu vya Pili.

Umbo lake ni lile lile la darubini za wasasi. Ni mabomba ya shaba yanayoingiana. Ukiyafunga hupata kitu cha kutia mfukoni mwa koti kubwa, ukiyavuta yote hupata bomba lenye urefu kama wa mkono wa mtu mzima. Bomba la nje limevikwa ngozi. Mbele pana kikinga jua kinachovutwa, kazi yake ikiwa kuzuia mwanga usimetemete juu ya lenzi na kumfichua mwenyewe. Kila ncha ina kifuniko cha ngozi, na vifuniko vimeunganishwa kwa mkanda visipotee.

Hukuza mara 20. Maana yake ni kwamba mtu aliye yadi 1,000 huonekana kana kwamba yuko yadi 50. Kwa umbali huo unaweza kujua kama amenyoa ndevu.

Lakini kila faida ina gharama yake. Kwa kuwa hukuza sana, huonyesha sehemu ndogo tu ya nchi, kama mtu anayechungulia chumba kikubwa kupitia tundu la ufunguo. Kwa hiyo mtazamaji alifundishwa kuipekua nchi kwa mistari, ya karibu kwanza, halafu ya mbali zaidi, kila mstari ukigusa ule uliotangulia. Tena mkono ukitetemeka kidogo, picha nzima hucheza. Wasasi wa zamani walijua dawa yake: walilala chali wakiinua goti, bomba likaegemea goti au fimbo, na mwili wote ukawa kama meza. Nimeijaribu kwenye mteremko wa Ngong. Shingo huuma, lakini picha hutulia.

Jioni nayo huishinda. Lenzi ya mbele ina upana wa kiasi cha inchi mbili. Ukigawanya mwanga wake kwa 20, unaobaki kuingia jichoni ni mshipi mwembamba wa milimita mbili na nusu hivi. Mchana unatosha. Kiza kikianza kuingia, mboni ya jicho hupanuka ikitaka zaidi, na bomba halina cha kuiongezea.

Kuna jambo jingine ambalo Mkenya ataling'amua upesi kuliko Mskoti. Mchana wa jua kali kwenye nyika za Athi au Magadi, hewa huchemka na kutetemeka. Hayo tunayaita mazigazi. Kwa mtazamaji, mazigazi si kero bali ni maandishi. Yakipanda wima, upepo umetulia au unavuma kwenye mstari wa macho yake. Yakiinama, upepo unatoka upande, na jinsi yanavyozidi kulala ndivyo unavyozidi nguvu. Mwenye darubini huyasoma, akamwambia mwenye bunduki apeleke shabaha wapi. Bunduki ikilia, huweza kuiona njia ya risasi ikipasua hewa kama mashua inavyopasua maji, akamsahihisha mwenzake. Mpigaji mwenyewe, bunduki ikimsukuma bega, haoni kitu.

MARK FOUR YENYE HERUFI T

Bunduki ambayo wakusanyaji huiweka pamoja na darubini hiyo ni Lee-Enfield No. 4 Mk I (T), ya risasi za .303. Wakenya wa makamo wataitambua jamaa yake. Ni ile ile Mark Four ambayo kwa miaka mingi ilibebwa na polisi wa akiba katika wilaya za kaskazini, wakilinda mifugo. Wazee zaidi wataikumbuka kwa uchungu mwingine, kwa sababu bunduki za ukoo huo zilikuwa mikononi mwa majeshi ya Mwingereza wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Kwetu sisi si chombo cha mapambo tu.

Herufi T ina maana ya darubini. Viwandani, bunduki zilizoonekana kulenga vizuri kuliko wenzake zilitengwa. Nyingi zilipelekwa kwa Holland & Holland wa London, mafundi waliozoea kutengeneza bunduki za matajiri wa kuwinda tembo. Hao walizifungia vishikio vya chuma ubavuni, wakaongeza kipande cha mbao juu ya kitako cha kuegemezea shavu, na kuziwekea darubini ya kulengea iitwayo No. 32. Kuanzia mwaka 1942 zilienda vitani. Zaidi ya 20,000 zilitengenezwa kwa namna hiyo.

Darubini ya No. 32 haikubuniwa kwa ajili yake. Ilikusudiwa kwanza kwa bunduki ya rashasha ya Bren. Ilikuza mara tatu tu. Ndani yake pana ncha iliyosimama na uzi uliolala, na juu yake pana gurudumu la kupimia umbali lenye alama hadi yadi 1,000. Sasa linganisha: mtu wa yadi 1,000 katika darubini ya bunduki huonekana kama aliye yadi 333. Katika bomba la mtazamaji, yuko yadi 50. Mmoja anaona umbo. Mwingine anaona sura.

Hapo ndipo penye siri ya ule ushirika. Darubini ya bunduki ni ya kulengea yule ambaye tayari amepatikana. Ya kumtafuta na kumjua ni ile nyingine. Ndiyo sababu jeshi liliihesabu Scout Regiment kuwa miongoni mwa vifaa rasmi vya mdunguaji, pamoja na sanduku la mbao la bunduki na kopo la chuma la No. 32. Mwaka 1970 Waingereza walipozigeuza baadhi ya bunduki hizo zitumie risasi za milimita 7.62 na kuziita L42A1, bomba la ngozi lilibaki kazini nazo. L42A1 zilikwenda hadi vita vya Falklands mwaka 1982. Chombo cha msasi wa kulungu kilikuwa bado hakijastaafu.

NDOA YA NAMBA

Wakusanyaji wa Uingereza, Marekani na Kanada, ambako sheria huwaruhusu kwa masharti, hupenda kuikamilisha jamii nzima. Mtu huanza na bunduki, akatafuta kopo, akatafuta sanduku, akatafuta Scout Regiment yenye mwaka unaolingana na bunduki. Wengine hufanya vivyo hivyo kwa silaha za mataifa mengine. Wenye bunduki ya Kimarekani ya M1D huitafutia darubini ya M49, nayo ya kukuza mara 20, yenye miguu yake mitatu midogo. Ni darubini hiyo ya M49 iliyotumiwa pia na watazamaji huko Vietnam. Wapenzi wa vitu vya Ujerumani huitafuta ile darubini ya mkasi, yenye pembe mbili zinazosimama juu ya handaki huku mtazamaji akiwa amejificha chini.

Lakini bunduki za (T) zina jambo la pekee. Kila moja ilirekebishwa pamoja na darubini yake ya No. 32, na namba ya darubini hiyo ikapigwa kwenye mbao, pale kitako kinapokuwa chembamba, nyuma ya mahali pa kushikia. Askari hakuruhusiwa kubadilisha hivi hivi. Ilikuwa kama ndoa iliyoandikishwa.

Vita vilipokwisha, ndoa nyingi zilivunjwa. Bunduki ziligawiwa nchi rafiki au kuuzwa. Darubini zikauzwa mbali mbali kama bidhaa rahisi za ziada. Leo kuna bunduki zenye namba ya mke asiyejulikana aliko, na kuna darubini kabatini mwa mtu ambaye hajui kwamba mumewe yuko bara jingine. Vikipatana, bei huruka, kwani vitu viwili vyenye namba moja ni ghali kuliko vikiuzwa mbali mbali. Na palipo na bei pana ujanja. Herufi T inaweza kupigwa na fundi yeyote mwenye nyundo. Namba inaweza kukwaruzwa na kupigwa nyingine. Mnunuzi mwenye hekima huangalia kama alama zimezeeka pamoja na mbao na chuma vilivyozizunguka, na kama vishikio vimefungwa jinsi Holland & Holland walivyovifunga.

La kusikitisha ni kwamba darubini ya mtazamaji haikuandikishwa namba na bunduki yoyote. Haina cheti cha ndoa. Kwa hiyo katika minada huachwa pembeni, ikauzwa kwa mabaharia wa starehe na wapambaji wa nyumba, ambao huing'arisha shaba mpaka rangi ya jeshi na maandishi yake vikafutika. Kitu kilichotangulia kuona ndicho kinachosahauliwa kwanza.

MACHO NA AFRIKA MASHARIKI

Habari hizi hazikukaa Ulaya. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, mwindaji maarufu Frederick Courteney Selous, akiwa kapteni katika jeshi la Mwingereza na umri wa miaka 65, aliuawa na mdunguaji wa upande wa Wajerumani. Masimulizi mengi husema aliinua kichwa kutazama adui alipo. Alizikwa pale pale. Hifadhi ya wanyama iliyopewa jina lake mwaka 1922 ilimegwa mwaka 2019, sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtu aliyeishi kwa kuona kabla hajaonekana aliondoka duniani kwa kuonekana kwanza.

Katika vita hivyo hivyo, askari wengi wa Wajerumani hapa kwetu walianza na bunduki za zamani za mwaka 1871, zilizotumia baruti ya moshi. Kila risasi ilitoa wingu jeupe. Hapo adui hakuhitaji darubini.

Kinyume chake kilikuwa Burma. Mwaka 1944, vijana wetu wa K.A.R. katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw katika mvua na matope, wakiwafukuza Wajapani hadi mto Chindwin. Wadunguaji wa Kijapani walijulikana kwa kujificha juu ya miti. Walikuwa na bunduki ya Aina ya 97, yenye darubini ya mara mbili na nusu na risasi ndogo ya milimita 6.5 katika mtutu mrefu, hata ikawa haitoi mwako wala moshi wa kutosha kuifichua. Katika msitu kama ule bomba la kukuza mara 20 halina kazi, kwa maana macho hugota kwenye majani hatua chache mbele. Askari alibaki na masikio yake na macho aliyozaliwa nayo.

JAMBO LENYEWE

Sasa niseme ninachokiamini. Bunduki peke yake kabatini husema uongo wa aina fulani. Humfanya mtazamaji afikiri kwamba kuua kwa mbali ni ufundi tu, hesabu ya upepo na yadi. Mkusanyaji hueleza namba, mwaka na kiwanda, na mgeni hutikisa kichwa kwa mshangao. Aliyepigwa hatajwi.

Iweke darubini ya mtazamaji kando yake, na ukweli hurudi. Kwa sababu ukichungulia humo unajua kile ambacho wale wawili walikijua. Walimwona adui akinywa chai. Walimwona akijikuna, akicheka na mwenzake, akimlisha paka. Rubani wa ndege ya mabomu hakuona hivyo, wala mpiga mzinga. Mdunguaji na mtazamaji wake waliona. Ndiyo maana katika majeshi mengi watu hawa waliheshimiwa na kuogopwa hata na wenzao, na walipokamatwa hawakutarajia huruma.

Huko Urusi walikuwako wasichana wawili, Natalia Kovshova na Maria Polivanova, waliofanya kazi hiyo pamoja. Tarehe 14 Agosti 1942, wakiwa wamejeruhiwa na kuzingirwa, walijilipua kwa mabomu ya mkono badala ya kutekwa. Mwaka uliofuata walipewa wote wawili heshima ya Shujaa wa Umoja wa Sovieti. Ukimtaja mmoja bila mwingine umesema nusu.

Kwa hiyo simlaumu anayekusanya vitu hivi kwa haki na kwa sheria. Namwomba asikusanye nusu. Asiipambe bunduki kwa velveti na kulitupa bomba kwenye kapu la vikuukuu. Na aandike chini yake si kiwanda tu, bali kazi iliyofanywa.

Kwa wasomaji wa hapa nyumbani nina neno fupi. Bunduki ya jeshi si urithi wa kuweka uvunguni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimwachi yeyote awe na bunduki bila kibali. Kama marehemu babu aliacha kitu cha namna hiyo, waarifu polisi kabla hakijaleta msiba. Lakini kama aliacha darubini, usiipeleke kwa fundi kuing'arisha. Ipanguse kwa kitambaa kikavu. Usiifungue lenzi, usibandue ngozi, usifute maandishi. Nakili herufi na namba zote zilizomo. Kisha kaa na wazee waliobaki uwaulize aliipata wapi, na aliona nini kwayo. Namba utaikuta palepale mwaka ujao. Mzee huenda usimkute.

Macho hayana pazia, walisema wahenga. Bomba lile la ngozi liliondoa hata pazia la umbali, na waliochungulia humo walibeba walichokiona mpaka kaburini. Anayeirithi darubini yao amerithi na sehemu ya mzigo huo.